Mgeni Ubaoni: Kutoka Ngome ya Karema hadi Darasa la TA

Wakufunzi wa kigeni wa mwanzo kabisa walioandaliwa ili waje kufundisha Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, walikuwa tembo.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliitisha mkutano Brussels, na humo likazaliwa Shirika la Kimataifa la Afrika. Kwa maneno shirika hilo lilikuwa la sayansi na la kupinga biashara ya watumwa; kwa vitendo lilikuwa likitafuta njia ya kuingilia bara. Njia yenyewe ilikuwa na adui mdogo mwenye mbawa: mbung'o, ndorobo kama wengine wanavyomwita. Ng'ombe wa kukokota mizigo walikufa njiani, punda wakafa, na wapagazi wakawa ghali. Ndipo Leopold akapata wazo. Kule India tembo mwitu akinaswa hufungwa kati ya tembo waliokwisha kufundishwa. Hao humtuliza, humsukuma kwa ubavu, humwonyesha jinsi ya kupiga magoti na kupokea mzigo. Kwa nini basi wasiletwe tembo wa India wawafundishe wenzao wa Afrika?

Katikati ya mwaka 1879 tembo wanne waliteremshwa Msasani, karibu na Dar es Salaam, pamoja na wachungaji wao kutoka India, wakiongozwa na Kapteni Carter. Walikuwa wamefuzu kazi yao. Waliijua amri, waliujua mzigo, walimjua bwana wao. Hawakuijua njia ya Ugogo, wala majani yake, wala kiu yake. Walitwishwa mizigo mizito na kuharakishwa, wakafa mmoja baada ya mwingine. Mwishoni mwa mwaka huo ni mmoja tu, jike aliyeitwa Pulmalla, aliyefika Karema, ambako Kapteni Cambier wa Ubelgiji alikuwa ameanza kujenga kituo tangu Agosti. Naye Pulmalla hakudumu. Juni 1880 Carter, akirudi pwani, aliuawa Mpimbwe pamoja na mwenzake Cadenhead, katika vita vya Mtemi Mirambo na washirika wake. Shule ya tembo ikafungwa kabla haijapata mwanafunzi hata mmoja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu ndani yake mna swali ambalo vyuo vikuu vya dunia bado vinahangaika nalo. Mtu anayeijua kazi yake barabara, akipelekwa nchi nyingine kuwafundisha watu asiowajua, anahitaji kuandaliwa vipi? Leo swali hilo huulizwa juu ya wanafunzi wa shahada za juu wanaotoka nje na kupangiwa kufundisha darasani, wakufunzi wasaidizi ambao wanafunzi wetu huwaita kwa herufi mbili tu, TA. Lakini majibu yake ya zamani yapo, na moja kati ya yaliyo bora lipo hapa hapa Katavi, huko huko Karema.

Mvulana wa Tundurma

Ngome ya Karema ilijengwa karibu na maji. Miaka michache baadaye ilikuwa imesimama mbali nayo, kwa sababu Mto Lukuga ulio ng'ambo ya Kongo ulikuwa umefunguka na ziwa likashuka. Aliyefika baadaye aliikuta kilimani, na chini yake tambarare pana ambayo jana ilikuwa ziwa. Mwaka 1885, baada ya Mkutano wa Berlin kuiweka pwani hii ya ziwa upande wa Wajerumani, Leopold hakuwa na haja nayo tena. Akaikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, mapadri wavaao kanzu nyeupe ambao watu waliwaita White Fathers.

Mwanzilishi wao, Kadinali Lavigerie, askofu mkuu wa Algiers, alikuwa na mawazo yake kuhusu nani afundishe bara. Wazungu, aliona, hufa upesi kwa homa, na wakiishi hubaki wageni. Afrika itabadilishwa na Waafrika wenyewe. Tena hawatoshi wahubiri. Mtu anayeponya hupokelewa hata pale ambapo mhubiri hufungiwa mlango. Kwa hiyo mwaka 1881 alifungua chuo katika kisiwa cha Malta, akawapeleka huko vijana wa Kiafrika waliokombolewa utumwani, ili wasomee utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta na hapo hapo wafundishwe kazi ya ukatekista. Wangekwenda vituo vya bara kama tabibu na mwalimu katika mtu mmoja, wasaidizi wa mapadri.

Mmoja wa vijana wa kwanza alikuwa Adrian Atiman. Alizaliwa mnamo 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, si mbali na Timbuktu. Akiwa mtoto alinyakuliwa na wafanyabiashara ya watumwa, akavushwa Jangwa la Sahara kwa miguu ya ngamia na ya kwake mwenyewe, na mwaka 1876 akakombolewa na wamisionari katika oasisi ya Metlili, kusini mwa Algeria. Alibatizwa, akasomeshwa Algeria, kisha akapelekwa Malta.

Tuyatazame maandalizi hayo kwa karibu, maana Lavigerie hakuwa mtu wa kuacha mambo yajiendee. Alisisitiza kwamba vijana wake wasigeuzwe Wazungu. Katika mambo ya mwili, yaani chakula, mavazi, malazi na makazi, wabaki Waafrika, wazoee maisha mepesi, ili siku wakifika kijijini wasianze kudai kitanda cha chuma na mkate wa ngano. Wasiwe mapadri bali walei, waoe, wawe na nyumba yao na watoto wao katikati ya watu. Lakini katika elimu wapewe kitu kizima, masomo ya chuo kikuu chenyewe, si ya kukata vipande. Na Malta ya siku zile, ingawa ilikuwa chini ya Waingereza, Kiitaliano ndicho kilichotawala chuoni na mahakamani. Kijana wa Niger alilelewa na mapadri waliozungumza Kifaransa, katika kisiwa ambacho mitaani watu walisema Kimalta na wakubwa Kiitaliano, akiandaliwa kwa ajili ya nchi ambayo hakuwa ameiona hata kwa mbali.

Hapo ndipo penye tundu katika mpango wa Kadinali. Kwake yeye Mwafrika alikuwa Mwafrika. Hakutilia maanani sana kwamba kutoka Timbuktu hadi Ziwa Tanganyika ni mbali kuliko kutoka Malta hadi Algiers, na kwamba mtu wa Tundurma akifika Karema ni mgeni sawasawa na Mfaransa, isipokuwa rangi. Rangi ingempatia salamu ya kwanza. Salamu ya pili ingetaka lugha.

Atiman aliondoka kaskazini mwaka 1888, akafika Zanzibar, akaingia bara na msafara, na mwanzoni mwa 1889 akawasili Karema. Mpanda mjini haikuwepo. Mji huo ulikuja na madini ya risasi na reli ya kutoka Kaliua zaidi ya nusu karne baadaye. Kulikuwa na kijiji cha misheni chini ya ngome, watoto na watu wazima waliokombolewa, Wabende wa nchi ile, wavuvi, na wakimbizi wa vita. Kulikuwa na homa, vidonda, ndui, majeraha ya mishale na risasi, na wanyama waliorarua watu. Na kulikuwa na kijana mmoja wa miaka kama ishirini na miwili mwenye kisanduku cha vyombo vya upasuaji.

Nani alimfundisha kilichobaki? Malta ilimfundisha jina la ini na la bandama. Haikumfundisha kwamba mgonjwa wa Karema hasemi "naumwa" akanyamaza. Husema tumbo linakata, au linanyonga, au linavuta. Kifua kinabana, au ana kichomi. Kidonda kinachoma, au kinawasha, au kinapwita. Kila neno ni ugonjwa tofauti, na tabibu asiyejua tofauti kati ya kukata na kunyonga ataikosa dawa hata akiwa na shahada mbili. Elimu hiyo haikuwa na kitabu. Mwalimu wake alikuwa mgonjwa aliyelala mkekani, na bibi aliyemleta.

Wenyeji walimpokea na yeye akawapokea. Mwaka huo huo wa 1889 alioa msichana wa huko, Agnes, akapata wakwe, na wakwe ndio shule ya kwanza ya lugha kwa mwanamume yeyote aliyeoa ugenini. Alijifunza mitishamba ya nchi ile na kuichunguza, akaongeza kwenye kisanduku cha Malta yale aliyoyaona yanafaa. Jioni na Jumapili alifundisha katekisimu. Mwanawe Yosefu akawa padri. Malale yalipoupiga mwambao wa ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa miongoni mwa wachache wenye elimu ya tiba waliokwisha kuzijua nyumba za watu kabla ugonjwa haujafika.

Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo husemwa kwa mzaha wakati jogoo anapochinjwa, kwamba mwenyeji naye atapata nyama kwa ajili ya mgeni. Huko Karema ilitimia kwa maana ya neno lenyewe.

Lakini tusiipambe hadithi kuliko ilivyokuwa. Atiman alikuwa msaidizi, na neno hilo lina uzito wake. Hakuwa padri wala bruda, kwa hiyo mezani kwa mapadri hakuwa na kiti chake. Hakuwa mwenyeji wa kuzaliwa. Hakuwa mtumishi, maana hakuna mapadri wengi waliojua nusu ya alichokijua yeye kuhusu mwili wa binadamu. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, kama wanavyosimama wasaidizi wote. Chuo chenyewe cha Malta hakikuendelea. Lavigerie alifariki Novemba 1892, na mwaka 1896 chuo kikafungwa. Hakuna kundi lingine la matabibu waliotokea huko.

Atiman aliwaona Wajerumani wakija na wakiondoka, akawaona Wabelgiji wakivuka ziwa katika Vita Kuu ya Kwanza, akawaona Waingereza. Mwaka 1946 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapisha maisha yake kama alivyoyaeleza mwenyewe. Alifariki Karema tarehe 24 Aprili 1956, baada ya miaka 67 ya kazi mahali pamoja.

Mwalimu wa Bagamoyo

Wakati Atiman anajifunza maneno ya maumivu Karema, watu wengine walikuwa wakisafiri kinyume chake, kutoka pwani ya Waswahili kwenda kufundisha chuo kikuu Ulaya. Hao wanakaribia zaidi kile tunachokiita leo TA wa kigeni.

Mwaka 1887 Chuo Kikuu cha Berlin kilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki. Ujerumani ilikuwa imejipatia koloni na ilihitaji maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wanaojua kuzungumza na watu wake. Mpango wa darasa la Kiswahili ulikuwa hivi: profesa Mjerumani anafundisha sarufi, na pembeni yake yupo mwenyeji wa lugha, anayeitwa Lektor, wa kutamkisha, kuzungumza na kusomesha. Sleman bin Said wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa wa kwanza, chini ya mwalimu Büttner. Baada yake alikuja Amur bin Nasur, ambaye aliishi Berlin kuanzia 1891 hadi 1895 na kuandika habari za maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka 1900 akaletwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa chuo cha Kurani kutoka Bagamoyo.

Mvute karibu Mtoro akiwa darasani. Mbele yake wamekaa vijana wa Kijerumani ambao mwakani watakuwa maofisa wa Tanga, Kilwa au Ujiji. Anawatamkisha ng'ombe na wao wanasema ngombe. Anarudia, wanacheka au wanajaribu tena. Kisha anawapa barua iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa maana hivyo ndivyo maliwali na maakida walivyoiandikia serikali, naye anawaonyesha jinsi ya kutambua neno la Kiswahili ndani ya herufi zisizokuwa na "p" wala "ch" za kwao. Kazi hiyo hakuna profesa aliyeiweza kama yeye. Katika miaka hiyo hiyo aliandika kwa mkono wake sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa mwaka 1903 na Profesa Carl Velten, na ambacho hadi leo anayetaka kujua arusi, unyago na tiba za pwani ya Mrima ya zamani hawezi kukipita.

Je, nani alimwandaa Mtoro? Kwa kufundisha, alijiandaa mwenyewe, kwa miaka ya kukaa na watoto wa chuoni na ubao wa Kurani. Kwa Berlin, hakuna. Na muhimu zaidi, hakuna aliyewaandaa wanafunzi. Vijana wale walifundishwa na Mtoro asubuhi, na mchana walifundishwa somo jingine na nchi yao yote: kwamba wao ni wa kutawala na yeye ni wa kutawaliwa. Masomo hayo mawili hayakuweza kukaa kichwa kimoja. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na watetezi wa ukoloni wakakasirika. Darasani nako kukazuka mvutano na wanafunzi ambao hawakutaka kupokea mafunzo kutoka kwa mtu mweusi, na kazi yake Berlin ikakatika. Mwaka 1905 alijaribu kurudi nyumbani na mkewe. Serikali ya koloni haikuwakubalia waingie nchini kama mume na mke. Aliandika kulalamika kwa wakubwa, akapuuzwa, wakarudi Ujerumani.

Baadaye, kuanzia 1909, alifundisha Hamburg pamoja na Profesa Meinhof, kisha akaishi kwa kutoa mihadhara juu ya Afrika mji kwa mji. Alifariki Berlin mwaka 1927. Bagamoyo hakuiona tena akiwa mkazi.

Weka watu hawa wawili ubavu kwa ubavu. Atiman alifika akiwa hajui lugha ya wanafunzi wake, akapokelewa, akajifunza. Mtoro alifika akiwa ndiye mwenye lugha inayotafutwa, akakataliwa. Kama umahiri peke yake ndio unaomfanya mgeni afaulu kufundisha, Mtoro ndiye angefaulu zaidi.

Kinasa sauti

Uhuru ulipokuja, mwendo ule ukageuka tena. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, na walimu wake wengi wa mwanzo walikuwa wageni. Dawa iliyopatikana ndiyo inayotumika mpaka sasa katika vyuo vyetu: mhitimu aliyefaulu vizuri kuliko wenzake huzuiwa asiondoke, huajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi, kisha hupelekwa masomoni. Siku hizi kigezo ni wastani usiopungua 3.8 kati ya 5. Wengi walipelekwa nje, Uingereza, Kanada, Ujerumani, Urusi, Marekani. Na wale waliokwenda Amerika ya Kaskazini waligundua jambo ambalo barua ya udhamini haikulieleza sana: karo yao italipwa kwa kufundisha. Ghafla kijana aliyekuwa akiamkiwa shikamoo katika semina za Mlimani alijikuta mbele ya wanafunzi ishirini na tano wenye kofia vichwani na vikombe vya kahawa mikononi, wakimwita kwa jina lake la kwanza.

Marekani yenyewe ilichelewa kuliona jambo hili. Kufikia miaka ya 1980 wageni walikuwa wengi katika shahada za juu za sayansi, hesabu na uhandisi, na wao ndio waliosimamia maabara na madarasa ya mwaka wa kwanza. Wanafunzi wakalalamika kwamba hawawaelewi, wazazi wakalalamika kwa wabunge, na majimbo kadhaa yakatunga sheria za kuvitaka vyuo vipime Kiingereza cha wanaofundisha. Ukaenea mtihani ulioitwa SPEAK. Mtahiniwa alikaa chumbani na kinasa sauti. Sauti ya kwenye kanda ilimwuliza swali, akajibu, na kanda nyingine ikanasa majibu yake. Hakukuwa na uso wa kutazama, wala wa kuuliza "samahani, umesema nini?" Mtu alipimwa uwezo wa kuzungumza na watu kwa kuzungumza na mashine.

Haki isemwe, mambo hayakuishia hapo. Vyuo vingi vilianzisha kozi kabla ya muhula kuanza. Mgeni hufundisha somo dogo la dakika chache mbele ya wenzake, hurekodiwa kwa video, kisha hukaa na mwalimu wake kujitazama: hapa uliupa ubao uso na darasa mgongo, hapa mwanafunzi aliuliza nawe ukajibu swali jingine, hapa ulinyamaza, na kwao kimya ni kosa ingawa kwenu ni heshima. Hufundishwa kwamba mwanafunzi akikutazama machoni na kukupinga hajakutukana. Hufundishwa namna ya kumpokea yule anayebisha hodi ofisini na karatasi ya mtihani mkononi, akidai alama mbili zaidi. Mafunzo haya yana faida, na Mtanzania aliyeyapitia hukiri hivyo.

Wapo pia wanaokwenda kwa ajili ya Kiswahili chenyewe, warithi halisi wa Mtoro. Mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha za kigeni huwachukua walimu vijana wa Tanzania na Kenya kwa miezi tisa ya mwaka wa masomo. Hufundisha hadi saa 20 kwa wiki na wenyewe husoma kozi chuoni hapo. Kabla ya kuanza huwekwa pamoja na wenzao wa nchi nyingine kwa siku kadhaa za maelekezo. Hujifunza haraka kwamba kukijua Kiswahili si kujua kukifundisha. Mmarekani atauliza kwa nini "kiti" ni ki-vi na "kijana" anaanza na ki- lakini tunasema "kijana amekuja", na mzawa ambaye hajawahi kulifikiria jambo hilo maishani atatamani kengele ilie.

Bado lakini, ukiyasoma maandalizi yote haya, utaona yana upande mmoja. Mgeni hupimwa, hurekebishwa, hufunzwa desturi. Mwanafunzi mwenyeji, ambaye ndiye nusu ya mazungumzo, ni nadra kuambiwa lolote. Haambiwi kwamba lafudhi mpya huzoeleka sikioni baada ya wiki mbili tatu ukitega sikio. Haambiwi kwamba akikosa kuelewa anaweza kuuliza kwa adabu kabla ya kwenda kushtaki. Kile kilichomwangusha Mtoro, yaani darasa lisiloandaliwa kumpokea, hakijapatiwa kozi.

Kibaoni

Mpimbwe, nchi ambayo Carter aliuawa mwaka 1880, leo ni halmashauri katika Mkoa wa Katavi, mkoa ambao wenyewe ulizaliwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Huko Kibaoni, kijijini kwa Mizengo Pinda, waziri mkuu wa zamani, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kimefungua kampasi yenye jina lake. Moja ya mambo yanayofundishwa hapo ni ufugaji nyuki, kazi ambayo watu wa misitu hii walikuwa wakiifanya kabla ya chuo kikuu chochote, kwa mizinga ya magogo iliyoning'inia miomboni. Karema nako bandari mpya imejengwa, ya kuvusha mizigo kwenda Kongo, na pamoja na mizigo watakuja watu.

Watakaofundisha Kibaoni wengi watakuwa wageni. TA anayetoka Moshi au Pemba kwenda Mpimbwe hajavuka mpaka wa nchi, lakini mwenye mizinga aliye jirani na chuo atamwona kuwa mtu wa mbali. Atakuwa amesoma majina ya mimea kwa Kilatini. Hatajua mti upi hutoa asali chungu, wala msimu ambao mlinaji hapandi mtini, wala maneno ambayo watu wa hapa huyatumia kwa nyuki mkali na nyuki aliyechoka. Chuo kinaweza kumpa cheti cha ualimu na semina ya siku tatu, na kifanye hivyo. Kilichobaki kipo kwa majirani.

Kwa hiyo neno la mwisho liwaendee wenyeji, maana wageni wamekwisha kuambiwa mengi. Mwalimu mgeni akikosea tamko, mrekebishe darasani, usimcheke koridoni. Akiuliza jina la mti, mpeleke ukamwonyeshe mti. Akikaa miaka mitatu na bado hajui lugha ya nyumbani kwenu, jiulizeni mlimkaribisha mara ngapi. Malta ilimwandaa Atiman kwa miaka saba tu. Kilichobaki kilifanywa na watu wa Karema, na wao hawakuwa na shahada.